Blanketi la mtoto la kroshia: stichi ya mosi imenyooka vizuri, stichi ya makombe inapanuka kama sketi, nifanyeje?

sindano_ya_jioni:
Habari zenu wafumaji wenzangu. Dada yangu anakaribia kujifungua na nimeamua nimfumie mtoto blanketi mwenyewe. Kofia na soksi nimeshafuma nyingi tu ila blanketi ndio mara ya kwanza, na nataka litoke zuri kweli maana huyu ndiye mtoto wa kwanza wa dada.

Mpango ni stichi mbili, pande mbili za mwisho mosi (ile ya singo moja yaani stichi fupi, cheni moja yaani kitanzi kitupu, unaruka stichi moja) sentimita 20 kila upande, halafu katikati pote makombe ya dabo 5 (stichi ndefu tano kwenye stichi moja, zinafunguka kama kombe la baharini), sentimita 50 hivi. Jumla 75 kwa 90. Uzi ni akriliki laini ya unene wa kati, sindano ya kroshia ya milimita 4.5. Stichi 121 kwa upana.

Mosi imekaa sawa kabisa, nimepima 75 chini na 75 juu. Nikaingia kwenye makombe kwa stichi zile zile 121, nimefuma mistari 8 na sasa blanketi limeanza kupanuka kama sketi, pale juu nimepima 86! Nikililaza kitandani linakunjamana katikati halilali. Sijabadilisha uzi wala sindano, na mkono ni huu huu. Je, nikimaliza nikaweka pindo pembeni litajivuta lenyewe au ndio nifumue? Naomba msiniambie nifumue yote jamani ile mosi imenichukua wiki mbili.

mama_uzi:
Pole dada, mosi usiiguse hata kidogo, haina kosa. Shida iko kwenye makombe na nahisi ni shida mbili zimepandana.

Kabla ya yote hesabu makombe, usihesabu stichi. Stichi 121 ni 20 mara 6 jumlisha 1, kwa hiyo mstari wa kwanza lazima uwe na makombe 20 kamili, unaanza na singo na unaisha na singo. Mstari wa pili unaanza na nusu kombe, yaani cheni 3 halafu dabo 2 kwenye stichi ile ile, unakwenda na makombe 19 kamili, na mwisho unaweka nusu kombe tena, dabo 3 TU kwenye singo ya mwisho. Hapo mwisho ndipo wengi wanateleza, mkono umeshazoea tano basi unaweka tano, na ukiweka tano umejiongezea kombe bila kujua na mistari yote ya juu inafuata kosa hilo. Hesabu mstari mmoja mmoja kuanzia chini uniambie. Halafu pima upana wa mstari ambao una uhakika ni mzima.

Pindo halitaokoa hili. Pindo linaweza kuficha sentimita moja, sentimita kumi na moja haiwezi.

kroshia_na_chai:
Na mimi niongezee kitu, maelekezo uliyoyafuata yametoka wapi? Nauliza kwa sababu Waingereza na Wamarekani wanatumia majina yale yale kwa stichi tofauti, dabo ya Mwingereza ni singo ya Mmarekani, na trebo ya Mwingereza ndio dabo ya Mmarekani. Mimi nilifuma sweta zima la mtoto likatoka refu na lenye mapengo kumbe maelekezo ni ya Kiingereza cha Uingereza nami nasoma kwa Kimarekani. Dalili rahisi ni hii, ukiona neno singo kwenye maelekezo jua ni ya Kimarekani, maana Waingereza stichi ya jina hilo hawana. Kama mosi umeitoa sehemu moja na makombe sehemu nyingine hakikisha zote mbili zinaongea lugha moja.

sindano_ya_jioni:
Asanteni sana. @kroshia_na_chai zote ni za Kimarekani, nimerudi kuangalia, singo imeandikwa kote kote.

@mama_uzi umenishika pale pale. Mstari wa 1 hadi wa 5 uko sawa, makombe 20 kwenye mistari ya namba isiyogawanyika kwa mbili na 19 na nusu mbili kwenye mingine. Mstari wa 6 mwisho nimeweka dabo 5 badala ya 3! Nimefumua hadi wa 5. Sasa napima mstari wa 5 napata 83. Imepungua ila bado imezidi 8, na makombe ni 20 nimehesabu mara tatu kwa kidole. Kwa hiyo hesabu ni sahihi na bado linapanuka???

mama_uzi:
Ndio shida ya pili hiyo dada. Hukukosea, ni tabia ya stichi zenyewe. Mosi ni singo na cheni, inajikaza na kukaa chini. Kombe ni dabo tano zimesongamana kwenye shimo moja, zinasukumana ili zipate nafasi na zinasukuma kwa upana. Kwa hiyo stichi 121 za mosi na stichi 121 za makombe ni vitu viwili tofauti kabisa hata kama namba ni moja. Ukichanganya stichi mbili kwenye kazi moja kinachotakiwa kulingana ni sentimita, namba ya stichi iache ibadilike.

Tupige hesabu kwa vipimo vyako. Makombe 20 yamekupa 83, kila kombe linakula 4.15. Wewe unataka 75. Gawanya 75 kwa 4.15 unapata 18 na pointi kidogo. Basi makombe yako ni 18, na 18 mara 6 jumlisha 1 ni stichi 109. Unatakiwa upunguze stichi 12 kabla hujaanza makombe, na bahati yako imegawanyika vizuri ajabu.

Fumua makombe yote urudi kwenye mosi (mistari 5 tu, usilie). Fuma mstari mmoja wa singo tupu wa kuhama, na kwenye mstari huu kila singo ya chini na kila kinafasi cha cheni kinahesabika kama stichi moja. Singo 8, halafu mbili zinazofuata uziunganishe kuwa moja, rudia hivyo mara 12, utabaki na stichi moja ya mwisho weka singo yake. Hesabu, lazima upate 109. Mstari unaofuata ndio unaanza makombe.

BibiWaMakombe:
Mama_uzi kasema vyema lakini kuna njia nyepesi, mimi huwa sipunguzi stichi hata moja, nabadilisha sindano. Mosi kwa 4.5, ukifika kwenye makombe unachukua ya 4. Upana unarudi wenyewe na hesabu zako zinabaki 121 mwanzo hadi mwisho, ukirudi kwenye mosi unashika tena ya 4.5. Blanketi langu la mjukuu nimelifuma hivyo hivyo limekaa vizuri.

mama_uzi:
Bibi shikamoo. Njia yako inafanya kazi na kwa tofauti ndogo ya sentimita mbili tatu hata mimi naitumia. Ninachoogopa kwa huyu ni kwamba tofauti yake ni kubwa, akizibana dabo kwa sindano ndogo kombe linakuwa gumu kidogo, halianguki vile kitambaa kinavyotakiwa kianguke, na hili ni la mtoto mchanga. Mwenyewe aamue kwa mkono wake. Dada fuma sampuli mbili za makombe matatu matatu, stichi 19, mistari sita, moja kwa 4.5 nyingine kwa 4. Pima, halafu zikunje kwenye ngumi uachie.

BibiWaMakombe:
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye sampuli nakubaliana nawe, mkono haudanganyi.

sindano_ya_jioni:
Nimefanya usiku huu huu. Sampuli ya 4.5 makombe matatu 12.5, ya 4 ni 11.4. Kwa hiyo bibi uko sahihi kabisa, makombe 20 kwa sindano ya 4 yangenipa 76. Ila nikaziweka zote mbili shingoni na ya 4.5 ni laini zaidi, inalala, ile nyingine inasimama kidogo kama kola. Na nikiinyanyua kwenye taa naona ile ya 4 dabo zimebanana hadi lile umbo la upepeo la kombe halionekani vizuri. Naenda na 109.

Swali jingine, nikimaliza makombe katikati narudije kwenye mosi? Juu ya makombe kuna milima na mabonde, nikifuma mosi juu yake moja kwa moja si itaonekana mawimbi?

kaka_mfumaji:
Hapo nina jibu maana nimeshafuma mablanketi matatu ya namna hii. Unatakiwa ujaze mabonde. Malizia makombe kwenye mstari ule unaoanza na kuisha na singo, usiishie kwenye wa nusu kombe. Halafu mstari wa kusawazisha unakwenda hivi: juu ya singo, ambayo ndio bonde, unaweka dabo, juu ya dabo ya kwanza ya kombe hafu dabo (urefu wake ni kati ya singo na dabo), zile tatu za katikati singo singo singo, ya tano hafu dabo, halafu tena dabo juu ya singo. Unaona, stichi ndefu bondeni, fupi kileleni, na juu panakuwa pamenyooka kama meza. Na stichi hazibadiliki, kila kombe na singo yake ni sita, kwa hiyo bado una 109. Mstari huo uanze na cheni 3 zihesabike kama dabo ya kwanza.

Mstari wa juu yake ndio unarudisha zile 12 zilizopunguzwa, singo 8, stichi ya tisa weka singo mbili, rudia mara 12, mwisho singo moja. 121. Hapo unaanza mosi kama ulivyoanza. Na mosi inapenda namba isiyogawanyika kwa mbili kwa hiyo 121 ni yake haswa.

Pindo la pembeni nalo lisikupe shida, ubavuni kwa mosi weka singo moja kwa kila mstari, ubavuni kwa makombe weka mbili kwa kila mstari maana dabo ni ndefu, na kila kona singo tatu kwenye stichi moja. Ukiona pindo linakunja blanketi ndani umeweka chache, likipepea umezidisha.

kroshia_na_chai:
La mwisho kutoka kwangu halafu niwaache. Mikia ya uzi acha mirefu, sentimita 15 hivi, ifiche kwa sindano ya kushonea ukienda, ukirudi, ukienda tena, akriliki inateleza na mkia ukichomoka kwenye kitu cha mtoto anaweza kuuzungusha kidoleni. Vishada na vifungo usiweke. Usipige pasi, akriliki ikipata joto kali inalegea na hairudi tena hali yake, loanisha tu, likunjue, linyooshe kwa mkono likauke likiwa limelala. Na umwambie dada yako kwa upole kwamba hadi mtoto atimize mwaka 1 blanketi ni la kumfunikia akiwa amebebwa au amelazwa sakafuni mtu yupo anamwangalia, wakati wa kulala kitandani peke yake hatakiwi kuwa na blanketi lolote lililo huru, wataalamu wa watoto wanalisisitiza sana hili. Mimi huwa nakiandika kwenye kikaratasi nakitia ndani ya zawadi pamoja na maelekezo ya kufua.

sindano_ya_jioni:
Mungu awabariki nyote. Nimefumua, nimefuma mstari wa kuhama, nikahesabu 109 mara ya kwanza tu. Sasa nina mistari 10 ya makombe juu, nimepima 75 chini, 75 kwenye mstari wa kuhama, 75 na nusu juu. Nimelilaza kitandani limelala. Na ule mstari wa singo tupu katikati ya stichi mbili umetoka kama kamstari kembamba ka kugawa, nimeupenda hadi nafikiria kule mwisho nao niufanye uonekane hivyo hivyo. Kikaratasi nimeshaandika. Mistari ya nusu kombe sasa nafuma naihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nageuza.