Uingereza: naruhusiwa kumwongezea bei mteja anayelipa kwa kadi?

DukaLeicester: Wakuu, naomba ushauri. Nina duka la vyakula Leicester. Mashine ya kadi inanikata 1.75% kila muamala. Nimeandika karatasi ya kubandika kaunta: "Kadi chini ya £5, ongeza peni 50." Mkaguzi akiikuta nina kesi?

Mzani: Usiibandike kabisa, mkuu. Tangu 13 Januari 2018 ni marufuku kumtoza mteja binafsi hata peni moja eti kwa sababu kalipa kwa kadi, iwe debiti au krediti. PayPal na Apple Pay zimo pia. Kuiita "ada ya huduma" hakukuokoi kama wa keshi hatozwi. Uliyemtoza ana haki ya kurudishiwa nyongeza yote, na Trading Standards (wakaguzi wa biashara wa halmashauri) ndio wanaofuatilia.

Kuweka kiwango cha chini, mfano kadi kuanzia £3, sheria haikatazi. Ila soma kwanza mkataba wa mashine, huenda kampuni ya mashine inakataza.

DukaLeicester: Na mgahawa unaonunua mchele kwa kadi ya kampuni?

Mzani: Hiyo unaweza kuongeza, mradi isizidi gharama unayobeba wewe kwa malipo hayo. Gunia la £40 kwa 1.75% ni peni 70. Ukichukua £1 umevunja sheria. Fungua taarifa ya mwezi ya mashine uhakikishe, maana kadi za biashara mara nyingi zina kiwango chake.

BiKaunta: Kaka, mbona usitoe punguzo la keshi? Hilo ni halali. Wengi wanakosea kwenye kibandiko cha rafu. Mafuta yameandikwa £10, wa kadi anafika kaunta anadaiwa £10.20: hiyo ni nyongeza, hata ukiiita punguzo la keshi. Rafuni andika £10.20, bei anayolipa wa kadi, halafu wa keshi mkatie peni 20. Mlangoni weka: "Bei zote ni za kadi. Ukilipa keshi unapunguziwa 2%."

DukaLeicester: Kwenye bango la dirishani naweza kuandika ile £10 peke yake?

BiKaunta: Hapana. Bei inayomvuta mteja aingie ndiyo atakayoidai kaunta, na hapo wa kadi utakuwa umemwongezea. Andika £10.20, na chini yake, kwa herufi za kusomeka, "£10 kwa keshi".