Laura Ingraham: alikosolewa au alizibwa mdomo?

Kisiki
Wakuu, hili linanikereketa siku nyingi. Machi 2018 Laura Ingraham, mtangazaji mhafidhina wa kituo cha televisheni cha Fox News cha Marekani, aliandika Twitter kwamba David Hogg, kijana aliyenusurika mauaji ya shule ya Parkland, Florida, amekataliwa na vyuo vinne na sasa analialia. Kijana akaweka hadharani orodha ya makampuni 12 yanayotangaza kwenye kipindi cha Ingraham na kuwataka watu wayabane. Muda si mrefu, matangazo yakaanza kuondolewa. Je, huo ni ukosoaji au kumziba mtu mdomo? Mimi nasema ni kuziba mdomo. Ukimshika mtu kwenye riziki ili ameze maneno yake, hapo hujajibu hoja hata moja. Na mama wa watu aliomba radhi kesho yake!

Shubiri
Kisiki, Marekebisho ya Kwanza ya katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanayolinda uhuru wa kusema, yanaibana serikali, hayambani mteja wala kampuni. Mwenye tangazo ana hiari ya kulitoa. Lakini hilo la radhi usilipitishe hivihivi. Alisema anaomba radhi, kwa ari ya Juma Takatifu, kwa maumivu yoyote ambayo maneno yake yamemletea kijana. Maumivu YOYOTE, yaani hata kama hayapo. Na aliyasema matangazo yameshaanza kukimbia. Hiyo unaiita radhi?

Kisiki
Na wewe nani kakupa mizani ya kupima moyo wa mtu? Mtu kasema "naomba radhi" mbele ya dunia nzima, wewe unamkagulia viambishi. Halafu huyo kijana nadhani alikuwa mtu mzima tayari, kajiingiza kwenye siasa za bunduki mwenyewe. Ukiingia uwanjani usilie ukikabwa.

Nahodha
Alikuwa na miaka 17, mkuu. Mauaji yalikuwa tarehe 14 Februari, watu 17 wakafa, na yeye akatimiza 18 Aprili. Mtu aliyetoka kuzika wenzake shuleni hukumfikia kwenye hoja ya bunduki, ukaenda kumcheka matokeo ya vyuo? Hapo ndipo paliponiuma. Angemjibu kuhusu bunduki ningemtetea Ingraham hapahapa.

Na huyohuyo mwezi mmoja kabla alimwambia LeBron James, mchezaji wa kikapu, anyamaze adundishe mpira, kwa kuwa LeBron alimsema Trump. Juni 2020 mchezaji wa futiboli ya Kimarekani Drew Brees akasema hatakubaliana kamwe na mtu anayeidharau bendera, na Ingraham akasema Brees ana haki ya kuwa na maoni yake. Mchezaji mmoja adundishe, mwingine aongee?

Kisiki
Umemtaja Brees, asante. Kesho yake alilazimika kuomba radhi, na wengine bado wakaikataa. Ndiyo maana nasema: kwa watu wenu radhi haitoshi kamwe. Mnataka mtu apige magoti, na akishapiga mnasema hakupiga vizuri.

Shubiri
"Watu wenu" ni akina nani? Usiniweke kambi nisiyoijua. Na kama ni radhi kukataliwa, hakukuanzia huku. Mwaka 2003 Natalie Maines wa Dixie Chicks, kundi la muziki wa country, alisema akiwa jukwaani London kwamba wanaona aibu kwamba rais wa Marekani anatoka Texas. Vituo vya redio vya muziki wa country vikaacha kupiga nyimbo zao, watu wakakusanya CD zao zikapondwa. Siku chache baadaye akaomba radhi kwa kukosa heshima kwa cheo cha urais. Walimrudisha? Hawakumrudisha! Mwaka 2006 akasema ile radhi ameifuta. Waliozima redio zile ni wahafidhina, Kisiki. Kwa hiyo ukilia kuhusu riziki ya Ingraham, lilie na ya Maines.

Kisiki
Ya Maines nayo ilikuwa vibaya. Nimesema. Sasa na wewe sema ya Ingraham.

Karani Mstaafu
Vijana, niongeze moja. Mwaka 2012 Rush Limbaugh, mtangazaji mhafidhina wa redio, alimtukana redioni Sandra Fluke, mwanafunzi wa sheria wa Georgetown, kwa sababu alitetea bima ilipie dawa za uzazi wa mpango. Matangazo yakahama, naye akaomba radhi, akasema uchaguzi wake wa maneno haukuwa mzuri. Maneno tu, si alichokuwa anakifikiri juu ya yule binti. Kipindi kiliendelea, na Februari 2020 Trump akampa nishani kubwa kabisa anayopewa raia. Huyo alizibwa mdomo lini? Ingraham naye alipumzika wiki moja akarudi kitini.

Mama Tatu
Nimesoma yote, niseme langu. Kazini bosi alinifokea mbele ya wenzangu 11 kwamba hesabu ya stoo nimeipika. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, akalichukua, akalitupa juu ya meza likadondokea upande wa pili, na hakuna aliyeliokota. Siku ya tatu ikabainika hesabu yangu ni sahihi, waliokosea ni wa upande wake. Akanisubiri koridoni, peke yangu, akasema, "Kama ulijisikia vibaya, samahani." Hilo "kama" bado linanichoma. Alijua kabisa nilijisikiaje, alikuwepo!

Kwa hiyo Shubiri namwelewa. Ila kwa haki ya Ingraham, yeye angalau alirudi palepale alipokosea, mbele za watu. Bosi wangu hakufanya hata hilo.

Nahodha
Pole sana, mama. Lakini ungemsamehe kama angesema mbele ya wale 11?

Mama Tatu
Mara moja. Sihitaji apige magoti, kaka Kisiki. Ninahitaji aseme kwamba sikupika hesabu.

Kisiki
Mama Tatu, wewe nakuheshimu, na hilo nimelielewa. Lakini Hogg hakutaka hivyo. Alisema atakubali radhi iwapo tu Ingraham atalaani namna kituo chake kilivyowatendea yeye na wenzake. Hapo amevuka. Aliyekosewa anadai radhi kwa alichotendewa na mtu huyo, sio kwa makosa ya kampuni nzima.

Shubiri
Na kituo kikiwa ndicho kilichomlipa kusema?

Kisiki
Basi adai kwa kituo. Mama Tatu, samahani nikuulize: pale koridoni ulimjibu nini?

Mama Tatu
Nilimwambia "haya". Nikarudi stoo, kulikuwa na mzigo umeingia.