Fyuzi ya 4A inakatika yenyewe, mzigo ni 3A tu

Swali: Wakuu, kifaa kinavuta 3A mfululizo. Kikiwashwa, kapasita zinapojaa, kinapanda hadi 30A kwa milisekunde 4 hivi. Fyuzi ya haraka ya 4A inadumu miezi kadhaa, kisha inakata. Shoti hakuna. Niweke 6A?

Jibu 1: Usipandishe ampea kwanza, mkuu. Tazama kioo cha fyuzi. Shoti kali hukiacha cheusi au kimetapakaa madini ya kung'aa. Uchovu huacha kioo safi, na waya umekatika kwa mwanya mdogo. Kila ukiwasha, waya unapata moto na kutanuka, ukipoa unasinyaa, mpaka unachoka.

Jibu 2: Piga hesabu ya I²t (mkondo kipeo cha pili mara muda, yaani kipimo cha joto linaloingia kwenye waya wa fyuzi). Kwa mkupuo (mkondo unaopanda ghafla) wenye umbo la nusu wimbi: 0.5 × 30² × 0.004 = 1.8 A²s. Ukitaka fyuzi ivumilie mikupuo 100,000, kanuni ya kawaida ni kila mkupuo usizidi 22% ya I²t inayoyeyusha waya wa fyuzi. 1.8 ÷ 0.22 ni kama 8.2 A²s. Kwa hiyo ampea 4 zinatosha (fyuzi za UL, kiwango cha usalama cha Marekani, hubebeshwa 75% tu ya ampea zake, 3 ÷ 0.75 = 4), ila chukua ya kuchelewa, yenye alama T, na I²t ya 8.2 au zaidi.

Jibu 3: Ndani ya kasha lenye joto punguza tena asilimia ya mzigo, maana 75% ni ya nyuzi joto 25. Na kama ni umeme wa DC, hakikisha volti za DC zimeandikwa; fyuzi ya AC pekee inaweza kushindwa kuzima cheche.