Moto wa Cajon Pass hukimbia kasi kweli?

DerevaMgeni: Wakuu, nimeanza kuendesha lori Los Angeles hadi Las Vegas. Vichaka vya Cajon Pass, ile njia ya mlimani huko California, vimekauka, naogopa hata kushika breki zisije zikatoa cheche. Moto ukianza, mtu hupata nafasi ya kugeuza?

MzeeWaTrela: Ugeuze wapi, mdogo wangu? Tarehe 16 Agosti 2016 nilikuwa pale chini na mzigo wa vitunguu. Saa nne na nusu asubuhi naona kamoshi, nikadhani mtu anachoma takataka. Namaliza chai, mlima mzima mwekundu! Barabara kuu ya I-15 ikafungwa, watu zaidi ya 82,000 wakaambiwa wahame. Summit Inn, mkahawa wa tangu 1952, ukateketea. Mayai yao nayakumbuka hadi leo.

BintiHesperia: Shikamoo mzee. Majani ya vile vichaka yana mafuta, na ulikuwa mwaka wa tano wa ukame. Halafu korongo lile huvuta upepo kama bomba.

MzeeWaTrela: Marahaba. Ndiyo hivyo.

DerevaMgeni: Minyororo ya trela je?

MzeeWaTrela: Ifunge juu, ikiburuzika kwenye lami inatoa cheche. Na jaza tangi kabla ya kupanda. Mimi siku ile nililala garini na vitunguu vyangu.