Kufunga mpaka na Kenya 1977: tulipata nini?

Wadau, tangu Kenya ilipozuia mahindi yetu Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu (sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri), hapa Dodoma kuna hoja haiishi vijiweni: jirani akituchezea, dawa ni kufunga mpaka kama alivyofanya Mwalimu. Mimi napinga, ingawa nakubali kwamba mwaka ule tulikuwa na haki ya kukasirika.

Tukumbushane. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967, ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliunganisha reli, bandari, posta na simu, hata ndege zilikuwa za pamoja, East African Airways. Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja, na kikao cha marais watatu kikafa. Kenya nayo, yenye viwanda vingi, ilituuzia kuliko ilivyonunua kwetu. Madeni yakagombaniwa, shirika la ndege likasambaratika, Kenya ikaanzisha lake. Februari 1977 tukafunga mpaka, na magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa huku zikazuiliwa. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Karibu miaka saba! Baba yangu alikuwa mtu wa reli, stesheni ya Dodoma. Taa yake ya ishara tunayo bado. Bati limeliwa na kutu, lakini ukipitisha kidole unazisoma herufi EAR, East African Railways. Dada yake aliolewa na mwenzake wa reli aliyehamishiwa Voi, Kenya. Bibi alipofariki mwaka 1980, shangazi hakufika kumzika. Alikuja 1984, akapitiliza makaburini na mkoba wake begani, hata maji hakunywa. Shangazi huyo hakumnyang'anya mtu ndege.

Wanaotetea kufunga wanasema kufuli ndilo lililoilazimisha Kenya kugawana mali. Hoja hiyo ina uzito, maana makubaliano ya mgawanyo na kufunguliwa kwa mpaka vilikwenda pamoja pale Arusha. Lakini kazi yenyewe ilifanywa na msuluhishi, Victor Umbricht wa Uswisi, aliyepitia mali na madeni ya Jumuiya kwa miaka kadhaa hadi mkataba ukasainiwa Mei 1984. Sioni ni hesabu gani pale isingewezekana watu wakiwa wanapita mpakani Namanga.

Tuliambiwa pia watalii watashukia kwetu, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), badala ya kuja na mabasi madogo kutoka Nairobi. Nia ilikuwa njema, ila wengi wao waliishia Kenya. Na geti la Bologonja, kaskazini mwa Serengeti, halijafunguliwa kwa watalii wa kwenda Masai Mara mpaka leo. Nyumbu wanavuka kila mwaka, gari la mtalii linazunguka. (Wapo wanaotetea libaki limefungwa kwa ajili ya hifadhi, huo ni mjadala mwingine.)

Turudi kwenye mahindi. Zuio la 2021 lililegezwa ndani ya siku chache kwa masharti: wafanyabiashara wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti hayo yanauma, lakini sumukuvu haikuzushwa na Wakenya. Mwaka 2016 iliua watu hapahapa Dodoma na Manyara. Chemba na Kondoa wanajua. Mkulima wa Kongwa anayepeleka magunia soko la Kibaigwa anahitaji turubai la kuanikia na kipimo cha unyevu kabla hajafunga gunia. Kufuli la Namanga litamkaushia mahindi?

Na tusijifanye kufungiwa ni kazi ya jirani peke yake. Mwaka 2017 serikali yetu wenyewe ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ikaporomoka mikononi mwa wakulima hawahawa.

Kwa hiyo wanaotaka tufunge, watuambie kwanza: wiki inayofuata, gunia lililolala Kibaigwa atalinunua nani, na kwa bei gani?