Ultrasaundi ya kuchomeka kwenye simu: imenidanganya au mimi ndo nimekosea?

zamu_ya_usiku: Wakuu habari. Tumeletewa ile ultrasaundi ya mkononi, probu moja (kile kichwa cha kupimia) unachomeka kwenye simu basi. Juzi usiku kaletwa kijana wa ajali ya pikipiki, mapigo yanakimbia, presha inashuka, nikaweka probu ubavu wa kulia nikaona ini na figo vimegusana vizuri hakuna weusi (yaani damu) katikati, nikajua tumbo liko salama. Dakika ishirini baadae tumbo limekaza, narudia napaona palepale kuna utepe mweusi. Sasa tatizo kifaa au mimi?

mtu_wa_emajensi: Mkuu ulipima mapema tu. Damu pale haionekani mpaka ifike kama mililita 200 hivi, wengine wanahitaji hata zaidi, kwahiyo ukiiona sema ipo ila usipoiona usiseme haipo, unarudia, hasa mtu mwenyewe akizidi kubadilika. Halafu mbona umetaja kulia tu? Wengu na figo ya kushoto je? Nyuma ya kibofu? Moyo?

probu_na_jeli: Mi naona inalipa zaidi kwenye mapafu. Mtu anahema juujuu hujui ni moyo au pumu, unaweka kifuani unakuta mistari myeupe inashuka wima mpaka chini ya skrini, mingi, pande zote mbili, hapo unafikiria maji kwenye mapafu na haujasubiri eksrei. Kwenye ajali angalia kama ngozi ya pafu inateleza kila akivuta pumzi. Isipoteleza unawaza hewa imevuja nje ya pafu, ila usikimbilie kumtoboa kifua kama hali inaruhusu, maana hata mrija wa kupumulia ukizama upande mmoja pafu la pili linatulia hivyohivyo, na aliyewahi kuugua kifua ngozi ikagandana nae vilevile.

betri_nyekundu: Yangu ikitumika mfululizo inapata moto inajizima yenyewe, mara nyingi katikati ya mgonjwa 😅 Na jamani futeni jeli, probu inatoka kwa mgonjwa huyu inaenda kwa yule imeganda kama ugoro.

zamu_ya_usiku: @mtu_wa_emajensi kushoto sikuangalia mkuu, nilivyoona kulia kusafi nikaridhika nikahamia kwenye mguu uliovunjika. Thieta wamekuta wengu umepasuka. Kijana anaendelea vizuri.

mtu_wa_emajensi: Afadhali. Next time anza na tumbo lote, mguu utakusubiri.