Ushauri: Mama mkwe ananikaba usingizini, nimrudishaje kwao bila kugombana na mke wangu?

Naanza_Upya
Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri wa watu wazima, mwenye matani apite tu.

Tangu mama mkwe aje kwetu kutoka Shinyanga, nakabwa. Nafumbua macho, naona dari, naona pazia, ila mkono haunyanyuki. Nataka kumwita mke wangu, sauti haitoki. Kifua kizito kama nimebebeshwa gunia la mahindi. Kisha nasikia ndala, shwa, shwa, shwa, zinakuja mpaka kichwani pangu zinasimama. Harufu ya ugoro inajaa. Juzi nikamwona kabisa, kaniinamia, kilemba cha njano. Mama anatumia ugoro, na kilemba chake ndicho hicho. Na msiniambie ni ndoto, nilikuwa macho.

Mke wangu sijamwambia. Swali langu ni moja tu: mama anarudije kwao kwa amani?

Bi_Shumari
Pole mwanangu. Unalala na udhu? Tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba ndoto ni za aina tatu: ya kheri kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha kutoka kwa shetani, na ile ya nafsi kujizungumzia yenyewe. Ukiona la kukuchukiza, tema mate kidogo kushoto mara tatu, jikinge kwa Mwenyezi Mungu, geuka ubavu mwingine, na usimsimulie mtu. Wewe umeisimulia nchi nzima.

Kaka_Mbezi
Mkuu, mahari ulimaliza? Mama anafuata chake huyo.

Naanza_Upya
Nilimaliza, na ng'ombe mmoja wa ziada. Niliomba matani yapite.

Kisiwa_Panza
Hilo ni jinamizi, na sisi tulilionja kwa jina jingine. Mwaka 1995 nilikuwa mtoto Pemba, Popobawa akavuma. Kila mtu simulizi ileile: kalala, kaamka, hawezi kujitikisa, kuna kitu kimemkalia. Usiku tulihamia nje, familia nzima kwenye mikeka, moto unawaka, mtu anaogopa hata kusinzia. Baba alikuwa na redio ndogo ya betri, haikuzimwa mpaka alfajiri. Halafu balaa likavuka mpaka Unguja, na huko mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili akauawa kwa kudhaniwa ndiye. Ninachokumbuka mimi ni kwamba tulivyozidi kukesha ndivyo wengi walivyozidi kukabwa.

Nesi_wa_Zamu
Naanza_Upya, mdogo wangu, kabla ya mama mkwe tuanze na wewe. Unalala saa ngapi? Unalala chali? Kuna dawa yoyote unameza?

Naanza_Upya
Nalala kawaida tu dada. Dawa sinywi. Ila swali langu lilikuwa la mama.

Nesi_wa_Zamu
Kawaida ndiyo saa ngapi?

Mtumishi_Kigoma
Yusufu alimfasiria Farao ng'ombe wanono na waliokonda, Danieli akamfasiria Nebukadreza. Ndoto ni lugha ya Mungu. Mimi mwaka ule nilipoota nyoka kwenye ndoo nilijua kazini kuna mtu, na kweli alikuwepo. Funga na uombe.

Nesi_wa_Zamu
Amina mtumishi. Naanza_Upya, bado nasubiri.

Naanza_Upya
Sawa, kwa kuwa mnalazimisha. Mimi ni mlinzi, zamu ya usiku. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, nafika nyumbani saa mbili, nalala kwenye kochi sebuleni kwa sababu chumbani watoto wanapiga kelele. Saa saba naamka naendesha bodaboda mpaka jioni. Lindoni nakunywa enaji kopo tatu, nne. Nani halali hivyo mjini hapa?

Na kukabwa kunatokea hiyo asubuhi. Mke yuko sokoni, nyumbani ni mimi, watoto na mama. Sasa hamuoni? Tiketi ya basi nimeshamkatia, Jumamosi. Nilitaka tu maneno mazuri ya kumwambia.

Nesi_wa_Zamu
Hapo ndipo penyewe. Soma polepole, ndugu yangu.

Mwaka 1953, Aserinsky na Kleitman wa Chicago walitangaza kuwa kuna kipindi cha usingizi ambapo macho ya aliyelala hukimbiakimbia chini ya kope, na ukimwamsha hapo mara nyingi anakusimulia ndoto. Mtu mzima hutumia karibu robo ya usingizi wake humo. Katika kipindi hicho shina la ubongo linazima misuli ya mwili ili usiinuke ukatenda unachokiota. Michel Jouvet, kule Lyon, aliharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo wa paka, na paka wale wakawa wanainuka wakiwa wamelala, wananyata, wanarukia kitu kisichokuwepo.

Kwako, akili imeamka ilhali misuli bado imezimwa. Ndiyo maana unaona dari yako halisi na ndoto inaendelea juu yake. Kifua kizito? Usingizini humo kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, ndicho kinachobaki kikivuta pumzi, misuli ya mbavu imelegea. Ukijaribu kuvuta pumzi ndefu unashindwa, unahisi umekaliwa. Ubongo una hofu, unatafuta mwenye kosa, na sikio tayari linasikia ndala za kweli, maana mama wa watu anafagia sebule hiyohiyo uliyolala. Ugoro nao ni wa kweli, yuko hatua tatu kutoka puani pako.

Na usingizi wa ndoto hukolea alfajiri na asubuhi. Mlinzi aliyekesha akijilaza saa mbili, amechoka, chali kwenye kochi, anaweza kuuingia mapema mno. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha karibu watu 8 kati ya 100 wamewahi kukabwa angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ni 28. Wote hao hawana mama mkwe mmoja.

Naanza_Upya
Nimekuelewa dada. Lakini kabla hajaja nilikuwa nalala kochi hilohilo na sikukabwa.

Nesi_wa_Zamu
Bodaboda umeanza lini?

Naanza_Upya
Alipokuja. Chakula kiliongezeka.

Fundi_Saa
Subirini kidogo. Mwanzo alikuwa anamwita mke, sasa mke yuko sokoni. Halafu ingieni kwenye nyuzi zake za zamani, mwezi wa tatu alikuwa anaomba mbinu za kupata mchumba. Mchumba, ndoa, watoto, mama mkwe, yote ndani ya mwaka? Hii ni chai, na sukari imezidi.

Kaka_Mbezi
Nilikuwa nimeshakunywa kikombe cha pili!

Naanza_Upya
Mtu akikabwa anakumbuka mke yuko sokoni? Na uzi ule aliandika mdogo wangu, simu tulikuwa tunatumia moja. Anayeona chai asinywe.

Fundi_Saa
Mdogo wako tena.

Zamu_ya_Tatu
Mimi sijawahi kuandika humu, nasomaga tu. Niko lindoni sasa hivi. Kwangu anasimama mtu mlangoni, hana uso. Nesi, nikilala ubavu napinduka chali nikishapitiwa. Nifanyeje?

Nesi_wa_Zamu
Shona kamfuko mgongoni mwa fulana, tia mpira mdogo, ukipinduka utakukera utarudi ubavuni. Enaji isiguswe kuanzia katikati ya zamu. Lala chumbani, dirisha lizibwe kwa kanga nzito, na upate saa zako kamili hata kama ni kwa mafungu mawili. Kikikukuta, usipambane na mwili mzima: sogeza kidole kimoja cha mguu, tuliza pumzi, kitapita. Ila ukiwa unasinzia ghafla mchana, au ukicheka magoti yanalegea, nenda hospitali, hilo ni jingine. Na Naanza_Upya, bodaboda kwa usingizi huo itakuua kabla ya jinamizi.

Ntuzu_Binti
Nimezaliwa Shinyanga, nimesoma uzi huu natetemeka. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu, moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Jirani aliota kanyongwa naye. Ndoto tu. Tulimhamisha usiku, kafia kwa watu, nyumba yake ilishachomwa. Kwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa ushahidi mdogo kuliko wa kilemba chako cha njano.

Nijibu kimoja: umeshamwambia nani mwingine?

Naanza_Upya
Tiketi nimesogeza tarehe, mwisho wa mwezi, nijaribu kwanza kulala chumbani. Sijamtangaza mtu. Nilimgusia shemeji yangu tu, kaka wa mke, yuko huko kijijini.

Ntuzu_Binti
Mpigie sasa hivi, usisubiri asubuhi. Mwambie ni zamu na enaji, mwambie nesi kasema, na umuulize yeye kamwambia nani.